Uzi: Chembe za supasimetri hazijaonekana, ni kitu gani hasa kilichokanushwa?

Maalim_Kibokoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na salamu kwa wanajukwaa wote, wa kisiwani na wa ng'ambo ya vivuko. Tulipozungumza kuhusu bosoni ya Higgs, chembe inayohusishwa na masi za chembe nyingine, ndugu Mlikoni aliuliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha, nami naona linastahili uzi wake. Ikiwa LHC, ile mashine ya kugonganisha protoni ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, imekuwa kazini tangu mwaka 2010 na haijaonyesha hata moja kati ya chembe zilizotabiriwa na supasimetri, kwa nini wanafizikia hawatangazi kwamba nadharia hiyo imekufa? Ninavyoona mimi, swali hilo huchanganya mambo mawili: ulinganifu wenyewe, na sababu iliyotufanya tuamini kwamba dalili zake zingeonekana karibu. Lililojeruhiwa ni hilo la pili, na limejeruhiwa vibaya.

Chembe zote tunazozijua ziko katika makundi mawili. Fermioni, zenye spini (kipimo cha mzunguko wa ndani wa chembe) ya nusu, ndizo zinazojenga maada: elektroni, nyutrino na kwaki. Bosoni zina spini ya namba nzima, na nyingi kati yake hubeba kani: fotoni hubeba kani ya sumaku-umeme, gluoni huzifunga kwaki ndani ya protoni, W na Z huhusika na kani dhaifu, na Higgs ni ya peke yake kwa kuwa spini yake ni sifuri. Fermioni mbili za aina moja haziwezi kukaa katika hali moja, na ndiyo maana elektroni za atomu hupangana tabaka juu ya tabaka, na kemia yote ikatokana na mpangilio huo. Bosoni hazina katazo hilo.

Supasimetri ni ulinganifu unaoigeuza fermioni kuwa bosoni na bosoni kuwa fermioni, huku milinganyo ikibaki ileile. Golfand na Likhtman waliuandika katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1971, na mwaka huohuo watafiti wa nadharia ya nyuzi wakaufikia kwa njia nyingine bila kujua habari za wenzao. Kisha Wess na Zumino, mwaka 1974, wakaupa umbo ambalo wengi waliweza kulifanyia kazi. Kilichowavutia si uzuri mtupu. Mwaka 1967 Coleman na Mandula walikuwa wamethibitisha kwamba ulinganifu wa anga na wakati hauwezi kuunganishwa kwa namna ya maana na ulinganifu mwingine wowote wa aina iliyojulikana wakati ule, na mwaka 1975 Haag, Łopuszański na Sohnius wakaonyesha kwamba supasimetri ndiyo njia pekee iliyosalia wazi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa ajili yake, ingawa magazeti huitaja mara chache.

Matokeo yake ni kwamba kila chembe lazima iwe na mwenza ambaye spini yake imetofautiana nayo kwa nusu. Elektroni ina selektroni yenye spini sifuri, na kila kwaki ina skwaki. Fotoni ina fotino, gluoni ina gluino, Higgs ina higgsino, na gravitoni, chembe inayodhaniwa kubeba uvutano, ikiwa ipo, ina gravitino yenye spini ya tatu kwa mbili. Anayeona kwamba kuongeza maradufu orodha ya chembe ni anasa akumbuke kwamba jambo hilo limewahi kutokea: mlinganyo wa Dirac wa mwaka 1928 ulidai kila elektroni iwe na mwenza wa chaji chanya, na mwaka 1932 Carl Anderson akaipata positroni katika miale ya anga.

Hata hivyo, tofauti moja ni kubwa. Positroni ina masi sawa kabisa na elektroni. Kama supasimetri ingekuwa kamili, selektroni nayo ingekuwa na masi hiyohiyo, tungekwisha kuiona zamani sana, na kwa kuwa ni bosoni, selektroni zote za atomu zingeporomokea tabaka la chini kabisa. Ulimwengu hauko hivyo. Kwa hiyo, ikiwa ulinganifu huo upo, umevunjika, na wenza wote wana masi kubwa kuliko zile tulizozizoea. Umevunjika kwa njia gani, na kwa kiasi gani? Nadharia yenyewe haisemi, na ukiandika toleo lake dogo kabisa bila kuchagua njia ya kuvunjika, unapata vigezo vipya zaidi ya 100 ambavyo hakuna anayejua thamani zake. Hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia.

Mlikoni

Maalim, aleikum salaam, na ahsante kwa maelezo. Lakini naona umenipa silaha mwenyewe. Ikiwa kuna vigezo zaidi ya 100 visivyojulikana, basi kila mashine itakapokosa kitu, watu watasogeza masi juu kidogo na kusema tusubiri mashine kubwa zaidi. Sisi huku tunasema ahadi ni deni. Katika miaka ya 1980 waliahidi kwamba wenza hao wangeonekana katika LEP, mashine iliyokuwa katika handaki hilohilo kuanzia 1989 hadi 2000, haikuona kitu. Kisha ikawa LHC. Nadharia isiyoweza kudaiwa deni lake ina tofauti gani na porojo?

Maalim_Kibokoni

Swali la haki, nawe umelishika pale panapouma. Ila deni hilo lina maandishi, nami nitakuonyesha yalivyoandikwa, kwa kuwa hayakusema tu kwamba chembe zipo mahali fulani. Yalisema kwa nini ziwe karibu.

Masi ya Higgs ni takriban gigaelektrovolti 125 (kipimo cha nishati ambacho hutumika pia kwa masi; 1,000 zake ni teraelektrovolti moja), yaani karibu mara 133 ya masi ya protoni. Katika nadharia ya kwanta, masi ya chembe yenye spini sifuri huathiriwa na kila chembe nyingine inayogusana nayo, na athari hizo hukua pamoja na nishati ya juu kabisa ambayo nadharia inaruhusiwa kufika. Ikiwa Modeli Sanifu, yaani nadharia ya chembe zote tunazozijua, inaendelea bila kitu kipya hadi pale uvutano unapoingia, karibu na gigaelektrovolti 10 kwa kipeo cha 19, basi athari kwenye kipeo cha pili cha masi ya Higgs ni kubwa kuliko jibu tunalolipima kwa takriban mara 10 kwa kipeo cha 34. Namwomba Karani_Kilindini afikirie daftari mbili za forodha, moja ya mizigo iingiayo na nyingine ya itokayo, kila moja ikiwa na jumla ya tarakimu zaidi ya 30, zilizoandikwa na watu wasiojuana, na tofauti kati yake ikawa shilingi chache tu. Hakuna kanuni inayokataza hali hiyo. Lakini mkaguzi yeyote atauliza ni nani aliyezipatanisha.

Supasimetri ilitoa jibu. Athari ya fermioni na athari ya bosoni zina alama zinazopingana, na ikiwa kila fermioni ina mwenza wa bosoni mwenye uhusiano uleule na Higgs, sehemu kubwa zinafutana zenyewe, bila mtu kuzipanga. Kinachobaki kinategemea tofauti ya masi kati ya chembe na mwenza wake. Mlikoni, angalia hapa vizuri: kufutana huko kunafaa tu ikiwa tofauti hiyo si kubwa. Chembe inayoigusa Higgs kwa nguvu kuliko zote ni kwaki ya topu, yenye masi ya takriban gigaelektrovolti 173. Kwa hiyo mwenza wake, stopu, ndiye aliyetakiwa awe mwepesi, na gluino, inayoigusa stopu, isiwe mbali sana. Hilo ndilo deni, na lina tarehe ya kulipwa, kwa sababu stopu ya teraelektrovolti 10 haiwezi kuifanya kazi hiyo vizuri.

Kisha Higgs yenyewe ikaja kutoa ushahidi, tena wa pande mbili. Toleo dogo la supasimetri halikuacha masi ya Higgs iwe yoyote. Katika hesabu ya kwanza ilitakiwa isizidi masi ya Z, yaani gigaelektrovolti 91, na marekebisho yanayotokana na topu na stopu huweza kuipandisha hadi karibu 135 na si zaidi. Ilipotangazwa tarehe 4 Julai 2012 kwamba ATLAS na CMS, makundi ya vigunduzi viwili vikubwa vya LHC, wameiona chembe mpya karibu na 125, watetezi walisema, na walisema kweli, kwamba imeangukia ndani ya mpaka waliouweka. Lakini ili kupanda kutoka 91 hadi 125 lazima stopu iwe nzito, au ziwepo stopu mbili zilizochanganyika kwa namna ya pekee. Na stopu nzito ndiyo ileile inayoharibu kufutana kwa daftari. Mimi nahesabu siku hiyo, kuliko matokeo yoyote ya utafutaji yaliyofuata, kuwa ndiyo siku matumaini ya awali yalipoanza kupungua thamani.

Bint_Kisauni

Maalim, shikamoo. Kwa ruhusa yako niongeze namna utafutaji wenyewe unavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba «haikuonekana» maana yake ni kwamba mtu alichungulia akakosa.

Protoni zinazogongana katika handaki la kilomita 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, husafiri katika mstari wa boriti, na kwa upande ule unaokatiza mstari huo jumla ya kasimwendo yao (masi mara kasi, pamoja na uelekeo) ni takriban sifuri. Baada ya mgongano jumla hiyo lazima ibaki sifuri. Ukijumlisha kila kitu kilichoacha alama kwenye kigunduzi na hesabu ikaelemea upande mmoja, basi kuna kitu kilichotoka upande wa pili bila kuonekana. Katika matoleo mengi ya supasimetri, gluino mbili zikizaliwa, kila moja huvunjika hatua kwa hatua na kuacha mkururo wa kwaki, na mwishoni hubaki mwenza mwepesi kuliko wote, asiye na chaji, ambaye hutoka kimya. Alama inayotafutwa, kwa hiyo, ni vifumba kadhaa vya chembe pamoja na upungufu mkubwa wa kasimwendo.

Ugumu ni kwamba nyutrino nazo hutoka kimya. Bosoni ya Z ikivunjika kuwa nyutrino mbili karibu na vifumba vya kawaida, tukio hilo hufanana sana na linalotafutwa. Kazi kubwa ya watafiti ni kukadiria matukio hayo ya kawaida kwa kutumia matukio mengine yanayopimika, kwa mfano Z iliyovunjika kuwa muoni mbili (muoni ni kama elektroni, ila ni nzito zaidi), kisha kuuliza kama idadi iliyoonekana inazidi. Haikuzidi. Data za teraelektrovolti 13 zilizokusanywa kuanzia 2015 hadi 2018 zimeondoa gluino hadi kiasi cha teraelektrovolti 2.2 au zaidi kidogo, na stopu hadi takriban 1.2 au 1.3. Kuanzia 2022 nishati ya migongano ilipandishwa hadi teraelektrovolti 13.6.

Lakini namba hizo zisomwe pamoja na masharti yake. Zinadhani kwamba chembe huvunjika kwa njia moja iliyochaguliwa, na kwamba tofauti ya masi kati ya mzazi na yule wa mwisho ni kubwa. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, kila kinachotoka huwa na nishati hafifu, kigunduzi hakikioni vizuri, na mpaka hushuka sana. Anayesema «stopu zote chini ya 1.2 zimekataliwa» amesahau nusu ya sentensi.

Karani_Kilindini

Maalim, daftari zangu nitazipatanisha mwenyewe, usiwe na wasiwasi. Swali langu ni juu ya maada ya giza, ile isiyoonekana kwa darubini. Nimesoma mara nyingi kwamba chembe hizi ndizo maada ya giza. Je, hilo ni jambo tofauti na haya ya Higgs, au ni deni lilelile?

Maalim_Kibokoni

Ni deni tofauti, mwanangu, na ni zuri zaidi kwa sababu mdai yuko hai: maada ya giza ipo, awe nani atakayekuja kuieleza. Fritz Zwicky aliona mwaka 1933 kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi mno kwa maada inayoonekana, na katika miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake wakaona jambo la namna hiyo ndani ya galaksi mojamoja. Pwani yetu ina sehemu katika habari hii, nami sioni ikitajwa inavyostahili. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yana eksirei zilizoenea katika eneo pana, ambazo leo tunajua hutoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Na gesi yenye joto kiasi hicho isingeweza kushikiliwa pale bila masi kubwa isiyoonekana.

Sasa supasimetri inaingiaje? Toleo dogo, likiachwa huru, huiruhusu protoni kuvunjika upesi, na hilo haliwezekani: maabara ya Super-Kamiokande ya Japani imeonyesha kwamba, kwa njia zilizochunguzwa zaidi, umri wa protoni unazidi miaka 10 kwa kipeo cha 34. Ili kuzuia balaa hilo watu waliweka kanuni inayoitwa usawa wa R, kwamba wenza huzaliwa na kuangamia wawili wawili tu. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya protoni ikaleta zawadi ambayo haikuombwa: mwenza mwepesi kuliko wote hana wa kuvunjikia, basi hudumu milele. Akiwa hana chaji, yaani akiwa nyutralino, mchanganyiko wa wenza wa fotoni, wa Z na wa Higgs, basi ana kila sifa inayotakiwa, na hesabu za ulimwengu mchanga hutoa kiasi kinachokaribia kile kilichopimwa, yaani takriban mara tano ya maada ya kawaida.

Mlikoni

Na nyutralino hiyo haijaonekana vilevile.

Maalim_Kibokoni

Haijaonekana, ila hapa kuna kitu ulichokitaka mwenyewe, yaani ukanusho wa kweli. Kulikuwa na mgombea mwingine, mwenza wa nyutrino ya kawaida. Yeye huigusa Z kwa nguvu inayojulikana bila kigezo cha kuchezea, kwa hiyo alitakiwa agonge viini vya atomu mara nyingi kabisa, na vigunduzi vya vizazi vya mwanzo vilimwondoa. Hakuna aliyemsogeza juu, amezikwa. Nyutralino imebaki kwa sababu huigusa maada kwa udhaifu zaidi, na kwa ajili yake watu wamechimbia vyombo chini ya ardhi ili kukwepa miale ya anga: XENON chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, na LUX-ZEPLIN huko South Dakota, Marekani, karibu kilomita 1.5 chini katika uliokuwa mgodi wa dhahabu, ikiwa na tani 7 za gesi ya zenoni iliyopoozwa ikawa kimiminika na kuwekwa chini ya uangalizi. Vyombo hivyo vimeondoa sehemu kubwa ya nyutralino zilizopendwa katika miaka ya 1990.

Mlikoni

Basi nikubali nusu. Lakini mwaka 2021 nilisoma kwamba kipimo cha muoni huko Fermilab, maabara ya Marekani, kimeipa supasimetri uhai mpya. Yaliishia wapi?

Bint_Kisauni

Yaliishia vibaya kwa waliosherehekea mapema, kaka. Muoni hujiendesha kama sumaku ndogo, na nguvu ya sumaku hiyo huongezwa kidogo na chembe zinazotokea na kutoweka kuizunguka, wakiwemo wenza wa supasimetri ikiwa wapo na si wazito sana. Kipimo cha mwaka 2021 kilitofautiana na makadirio ya wakati ule kwa kiasi kinachoitwa sigma 4.2, yaani pengo ambalo ni vigumu kulieleza kwa bahati tu. Shaka ilikuwa kwenye makadirio, hasa mchango wa kwaki na gluoni, ambao hauhesabiki kwa kalamu na karatasi. Hesabu mpya zilizofanywa kwa kompyuta kubwa zilipokubalika, makadirio ya mwaka 2025 yalisogea hadi kukutana na kipimo, na kipimo cha mwisho cha Fermilab, kilichotolewa mwaka huohuo, kikawa sahihi zaidi bila kuhama. Pengo limekwisha.

Kwa upande wa wanaojua kulipa, nitaje kwamba mwaka 2000 wanafizikia kadhaa waliwekeana dau huko Copenhagen kama supasimetri ingeonekana, na mwaka 2016 walioitetea, akiwemo David Gross, wakakubali kushindwa. Dau lenyewe lilikuwa chupa ya kileo, kwa hiyo Maalim asingeshiriki.

Maalim_Kibokoni

Wala nisingeshiriki kwa upande ule, mwanangu, hata kama lingekuwa sinia la biriani.

Karani_Kilindini

Kwa hiyo tukitaka kujua kilichobaki, tuangalie wapi? Naomba mahali pamoja, si orodha.

Bint_Kisauni

Mimi ningeangalia higgsino. Ndiye mwenza aliyefungamana moja kwa moja na masi ya Higgs, na akiwa peke yake, bila kuchanganyika na wengine, hesabu za ulimwengu mchanga humtaka awe na takriban teraelektrovolti 1.1 ili atoshe kuwa maada yote ya giza. Namba hiyo haisogezwi kwa kupenda. Inatokana na kani ambazo tumekwisha kuzipima. LHC haimfikii, kwa sababu yeye na ndugu zake wa karibu wana masi zinazokaribiana mno na mipaka ya sasa kwake iko karibu na gigaelektrovolti 200 tu. Vyombo vya zenoni navyo vinamwona kwa taabu, kwa kuwa migongano yake ni michache kiasi cha kufunikwa na nyutrino za jua na za angahewa. Zinazobaki ni njia mbili: darubini za miale ya gama, kama zile zinazojengwa La Palma na katika jangwa la Atacama nchini Chile, ambazo zinaweza kutafuta mwanga wa higgsino zinazoangamizana katikati ya galaksi yetu; na mashine ya protoni yenye nishati kubwa mara kadhaa kuliko LHC, ambayo kwa mpango unaojadiliwa CERN ingehitaji handaki la takriban kilomita 91.

Mlikoni

Na wakimkosa hapo?

Bint_Kisauni

Wakimkosa hapo, huyo wa teraelektrovolti 1.1 atakuwa ameondoka, kama alivyoondoka mwenza wa nyutrino. Ulinganifu wenyewe unaweza kuwa umevunjika katika nishati ambazo hakuna mashine itakayozifikia, na kwa hilo sitakudai uamini chochote.

Mlikoni

Hapo tumeelewana. Nitauacha uzi wazi kwa wenye maswali ya usawa wa R, maana nina la kwangu kuhusu gravitino, lakini nitaliandika kesho baada ya zamu.